Mama ana kliniki Muhimbili, mimi nina shughuli Kariakoo: tufikie wapi Dar?

Swali la wiki hii limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi mkoani Njombe. Nalifupisha:

"Shikamoo. Mwezi wa saba nakuja Dar kwa mara ya kwanza, nikiwa na mama yangu mwenye miaka 67. Amepewa rufaa kwa daktari wa moyo Muhimbili, Jumanne ya katikati ya mwezi. Baada ya hapo nataka kununua vitenge Kariakoo, nianzishe duka dogo nyumbani. Tutakaa kama siku nane. Mwenzangu kazini anasema tufikie Sinza, kuna loji nzuri. Kaka yangu anasema Kariakoo kwenyewe. Mwingine anasema tulale Mbezi karibu na stendi ili tusihangaike na mizigo. Shangazi yuko Chanika na atanuna akisikia tumelala gesti. Uwezo wangu ni shilingi 40,000 kwa usiku, nikijibana sana 50,000. Tufikie wapi?"

Marahaba mwalimu, na mama mpe pole.

Jibu fupi ni hili. Tangu usiku mtakaofika mpaka kliniki na manunuzi viishe, laleni Upanga au Kariakoo ya upande wa Faya, palipo na makao ya zimamoto. Hivyo vikiisha, nendeni kwa shangazi. Usiku wa mwisho, na huo tu, laleni Mbezi. Sinza iwekeni kwa safari nyingine. Ila usipige simu hata moja ya kuulizia chumba kabla hujaitoa barua ya rufaa ya mama na kusoma jina la hospitali mpaka mwisho wa mstari.

Muhimbili ziko mbili. Ipo ya Upanga, katikati ya jiji, na ipo ya Mloganzila, ambayo iko mbele ya Mbezi kama unatoka mjini, upande wa Kibamba, zaidi ya kilomita 20 kutoka ile ya kwanza. Mtu wa mikoani akiambiwa "Muhimbili" anaelewa moja, na aliyemwambia pengine alimaanisha nyingine. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambako nadhani ndiko mama anakopelekwa, iko ndani ya eneo la Muhimbili ya Upanga, lakini nayo ina tawi katika iliyokuwa hospitali ya Dar Group, jirani na TAZARA, Barabara ya Nyerere. Nimeshapokea wagonjwa waliolipia chumba mjini siku mbili nzima, halafu asubuhi ya kliniki wakajikuta wanarudi njia ileile waliyojia na basi. Kwa hiyo uliza hospitali iliyotoa rufaa: Upanga, Mloganzila au Dar Group? Wakuandikie kabisa. Mimi naendelea nikichukulia ni Upanga. Ikitokea ni Mloganzila, basi aliyekuambia Mbezi ndiye aliyepatia, na utafaidika zaidi na aya zangu za mwisho kuliko hizi zinazofuata.

Wageni wengi huanza na mtaa ("wapi pazuri?") au na bei. Sisi ambao kazi yetu ni kuwapokea tunaanza na saa: ni asubuhi ipi huwezi kuchelewa, na asubuhi hiyo unatakiwa wapi? Katika siku zako nane asubuhi ya namna hiyo ni moja tu. Mwenye duka la vitenge ukimfikia saa nne au saa sita kwake ni sawa, na usipofika leo atakuuzia kesho. Kliniki ya rufaa haiko hivyo. Kuna kufungua faili, kuna dirisha la bima, kuna vipimo anavyotaka daktari kabla hajamwona mgonjwa, na ukipoteza saa ya kwanza unaweza kujikuta unaambiwa urudi siku nyingine. Hiyo siku nyingine ina gharama ya chumba, chakula na ruhusa ya kazini.

Sasa tazama jiji lenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa wa Dar es Salaam, wametapakaa kutoka Bunju mpaka Mbagala na kutoka Kigamboni mpaka Chanika. Lakini ofisi, hospitali kubwa na maduka ya jumla bado vimebanana kwenye kipande kidogo cha Posta, Upanga na Kariakoo. Asubuhi watu wanamiminika huko kwa barabara chache tu: Morogoro, Bagamoyo, Nyerere, Kilwa. Jioni mkondo unageuka. Ndiyo maana ukimuuliza mkazi wa hapa umbali, hakutajii kilomita. Atakuambia, "Ukitoka saa kumi na moja ni nusu saa, ukitoka saa moja ujue mwenyewe." Chumba cha bei nafuu upande usiofaa utakilipia tena barabarani, na kwa mgonjwa wa moyo malipo hayo si ya fedha peke yake.

Kwa bahati nzuri, shughuli zako mbili ni majirani. Kuna mahali panaitwa Faya, kwenye makao ya zimamoto, ambapo Barabara ya Morogoro inakutana na Mtaa wa Msimbazi na Barabara ya Umoja wa Mataifa. Ukishika Umoja wa Mataifa unakwenda Muhimbili. Ukishika Msimbazi unaingia Kariakoo. Bajaji kutoka hapo kwenda upande wowote ni safari fupi. Kwa hiyo mtu aliyelala karibu na Faya, upande huu au ule, amemaliza kazi zake zote mbili bila kuonana na foleni kubwa. Ukikumbuka jambo moja katika yote niliyoandika, kumbuka jina hilo, maana hata dereva asiyejua gesti yako atajua Faya.

Sinza si pabaya, nisieleweke vibaya. Loji ziko nyingi, zinashindana, vyumba vingi ni vipya, na chakula kinapatikana mpaka usiku wa manane. Mtu anayekuja kwa mafunzo Chuo Kikuu cha Mlimani, au ana kazi Mwenge na Kijitonyama, namwelekeza huko bila kusita. Wewe utatakiwa kutoka Sinza na mgonjwa, ushuke Shekilango, uingie Barabara ya Morogoro, upite Manzese na Magomeni mpaka Jangwani, na hiyo ndiyo saa ambayo nusu ya Kinondoni na Ubungo inafanya hivyohivyo. Kuna mwendokasi, ndiyo, yale mabasi yenye njia yao yaliyoanza 2016 kutoka Kimara kwenda Kivukoni na Kariakoo. Kijana mwenye begi dogo anapanda. Kumsukuma mama wa miaka 67 kwenye mlango wa mwendokasi saa moja asubuhi ni jambo ambalo sitalishauri kwa mtu yeyote, hata siku ambazo mabasi yako ya kutosha. Na ingekuwa masika, ningekuongezea habari ya bonde la Msimbazi pale Jangwani, ambalo mvua kubwa ikinyesha hufurika na barabara ikafungwa, watu wa ng'ambo wakabaki ng'ambo. Mwezi wa saba hilo halikuhusu.

Lipo lingine kuhusu Sinza, Manzese, Magomeni, na kwa kweli kila mtaa wenye baa nyingi. Sehemu ya biashara ya gesti ni wateja wa saa mbili au tatu, siyo wa kulala. Huwezi kujua kwa kutazama rangi ya ukuta. Utajua mapokezi: kama bango la bei lina mstari wa "mapumziko" juu ya mstari wa "kulala", au kama swali la kwanza la mhudumu ni "mnapumzika au mnalala?", umeshafahamu. Si kosa, ni biashara yao. Lakini milango itagongwa usiku kucha, muziki wa chini utapigwa Ijumaa hadi Jumapili, na mama atakuuliza maswali ambayo hutaki kuyajibu.

Kaka yako aliyesema Kariakoo yuko sahihi nusu. Kwa mfanyabiashara peke yake Kariakoo haina mpinzani: unaamka, unashuka, uko sokoni. Unanunua mzigo wa kwanza, unapandisha chumbani, unarudi kwa wa pili. Vitenge na khanga utaanzia Mtaa wa Uhuru, nguo zilizoshonwa Mtaa wa Kongo, na ukilala hapohapo unapata nafasi ya kulinganisha bei leo na kununua kesho, jambo ambalo mtu aliyetoka mbali halifanyi kwa sababu amechoka na anataka kumaliza. Tatizo ni ngazi. Gesti za Kariakoo ziko juu ya maduka. Chini ni fremu, ghorofa ya kwanza ni stoo, mapokezi yako ghorofa ya pili, na chumba cha bei unayoitaka kiko ya nne au ya tano. Bei inashuka kadiri unavyopanda. Lifti inaweza kuwepo na isifanye kazi, au ikafanya kazi mpaka umeme ukatike. Mgonjwa wa moyo aliyepanda ghorofa nne akakaa kitandani anahema hajafikia mahali pazuri, hata kama chumba kina televisheni ya ukutani. Na usiku Kariakoo haitulii kama mtu anavyodhani: malori hushusha mizigo watu wakishalala, na wasukuma mikokoteni huanza kabla ya adhana ya alfajiri.

Kwa hiyo Kariakoo kwa masharti mawili: upande wa Faya, na chumba kisizidi ghorofa ya kwanza au ya pili. Ukikikosa, Upanga.

Upanga ni mtaa wa makazi. Miti ipo, maghorofa ya zamani ya Msajili wa Majumba yapo, misikiti na shule, na ikifika saa tatu usiku barabara za ndani ziko kimya. Kasoro yake ni kwamba vyumba ni vichache na bei iko juu kidogo ya kwingine. Kwa shilingi 40,000 Sinza unapata chumba chenye choo ndani, kiyoyozi na chai ya asubuhi. Kwa kiasi hichohicho Upanga na mjini mara nyingi unapata chumba safi chenye feni na choo ndani, bila mbwembwe. Ukipewa choo cha nje kwa bei hiyo, kataa, kwa sababu wagonjwa wengi wa moyo hutumia dawa zinazowaamsha kukojoa usiku. Muulize mama kama zake ni za aina hiyo, na hata kama si hizo, korido ya gesti saa nane usiku si mahali pake.

Kabla hujakata tamaa na bei, jaribu nyumba za makanisa na jumuiya, ambazo watu wa Nyanda za Juu Kusini mnazijua kuliko sisi. YMCA na YWCA ziko mjini. Luther House iko Sokoine Drive, kando ya Kanisa la Azania Front. Msimbazi Center ya Wakatoliki iko Ilala, na uwanja wake ni mpana na tulivu. Si lazima uwe muumini wao, lakini barua ya paroko au mchungaji haijawahi kumdhuru mtu. Vyumba ni vya kawaida, hakuna pombe, hakuna mapumziko, na geti linafungwa saa inayojulikana. Wasiwasi wangu ni mmoja: hujaa mapema, hasa kukiwa na semina. Piga simu wiki tatu kabla, siyo siku tatu.

Simu yenyewe ipige hivi. Usiulize "kuna chumba?" kwa sababu jibu ni "kipo, njoo". Uliza:

"Chumba cha choo ndani kilicho chini kabisa kiko ghorofa ya ngapi?"

"Ya pili, lakini lifti ipo."

"Umeme ukikatika lifti inatembea kwa jenereta?"

Hapo sikiliza kimya kitakachofuata. Halafu uliza maji yanatoka muda wote au wana saa zao, na muda wa kutoka chumbani ni saa ngapi (wengi ni saa nne asubuhi, na ukizidisha wanakuhesabia siku nyingine). Mwisho uliza: "Nikimwambia dereva bajaji anishushe, nimtajie kituo gani?" Anayekujibu "tuko hapo mjini tu, utapaona" hataki ujue aliko. Picha za mtandaoni zichukulie kama za posa: zote ni za kweli, zimepigwa upande mzuri. Wakitaka malipo ya awali, lipia usiku mmoja tu, na ulipie kwa lipa namba inayokuletea jina la biashara, siyo namba ya mtu binafsi.

Ukifika usitoe pesa mapokezi. Omba ufunguo ukaone. Ukiingia, washa feni kwanza mpaka mwendo wa mwisho, uone kama inazunguka au inalia tu. Fungua bomba la bafuni uache maji yatoke mpaka useme kumi, flashi choo, kisha usikilize kama tangi linajaa tena. Vuta pazia utazame nyavu za dirisha, maana mbu wa Dar hawana likizo na jiji hili limeshapata milipuko ya dengi, ambayo mbu wake huuma mchana. Chandarua kiwe kinafika chini ya godoro, siyo cha kuning'inia kama urembo. Funga mlango kwa ndani, uone kitasa kinashika. Yote hayo hayazidi dakika tano. Chumba kikikataa mambo mawili, sema asante, omba kingine. Mhudumu hatakasirika, na mara nyingi ufunguo wa chumba kizuri huwa uko mfukoni mwake. Daftari la wageni utajaza jina, namba ya kitambulisho, kabila, unakotoka na unakokwenda. Ni kawaida, usishtuke, lakini vitambulisho vyenu muwe navyo wote wawili.

Kuhusu mwezi wenyewe, una mambo mawili ya kukusaidia na moja la kukukwaza. La kwanza, mwezi wa saba kwetu ni kipupwe. Mnaotoka Njombe kwenye baridi ya kuota moto mtaona joto bado lipo, lakini usiku unavumilika kwa feni. Usilipie kiyoyozi. Elfu kumi au kumi na tano unayookoa kila usiku ndiyo inayokupandisha kutoka chumba cha ghorofa ya nne hadi cha ghorofa ya kwanza. La pili, mvua ni nadra. La kukwaza ni Sabasaba. Maonesho ya Biashara ya Kimataifa huanza mwisho wa Juni na kwa kawaida huendelea mpaka karibu tarehe 13 Julai, kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa. Wakati huo vyumba vya Temeke, Chang'ombe na Kurasini hujaa na kupanda bei, na wimbi linafika hadi Kariakoo. Tarehe 7 yenyewe ni sikukuu ya kitaifa, kwa hiyo kama kliniki ya mama itasogezwa hadi tarehe hiyo, hakikisha na hospitali kwamba ipo. Ukiweza kufika maonesho yakiwa yamefungwa, chumba utakipata kwa maneno mazuri.

Sasa usiku wa kufika. Msisafiri Jumatatu kwa kliniki ya Jumanne. Safirini Jumapili, mama apumzike Jumatatu nzima, na jioni yake mpande bajaji mkaone geti la hospitali na dirisha la kuanzia, ili alfajiri msianze kuulizana. Mkitoka Njombe asubuhi na mapema mtaingia Stendi ya Magufuli, Mbezi, jioni au usiku. Hapo ndipo wageni wengi wanapokata tamaa na kusema "tulale hapahapa, kesho tutaingia mjini". Fikiria foleni inaelekea wapi. Saa mbili usiku magari yamejaa upande wa kutoka mjini, watu wanarudi Kimara, Mbezi na Kibaha. Upande wa kuingia una nafuu. Kesho yake asubuhi ni kinyume kabisa. Kwa hiyo chukueni gari usiku huohuo mpaka Upanga. Litawagharimu, andaa shilingi 30,000 hadi 40,000, lakini hamtalilipa tena mpaka siku ya kuondoka. Ukiita kwa programu kama Bolt, dereva anaweza kukupigia kwanza: "Unaenda wapi? Unalipa keshi?" Mjibu, na akianza kutaja bei tofauti na ya kwenye simu, futa uite mwingine. Wapiga debe watakaoshika mabegi yenu wakiwa wanasema "teksi hapa mama" waambieni "tunapokelewa" na muendelee kutembea. Mkifika saa sita usiku au baadaye kwa basi kuharibika njiani, hapo sawa, laleni Mbezi usiku huo.

Kuna atakayekushauri mshuke Morogoro mpande treni ya SGR, ambayo inawaleta mpaka katikati ya jiji, si mbali na Kariakoo. Kwa mtu mwepesi ni ushauri mzuri sana. Kwenu, kuhama kutoka stendi ya Msamvu hadi stesheni ya Kihonda mkiwa na mabegi, huku mkihesabu dakika za tiketi mliyokata na basi limechelewa Mikumi, ni presha ya bure. Wakati wa kurudi labda. Na TAZARA kutoka Makambako, mimi naipenda, ila si treni ya kumpeleka mtu kwenye miadi ya tarehe.

Shangazi. Hapa mwalimu utahitaji ulimi kuliko pesa. Chanika ni Dar kwenye karatasi, lakini kutoka huko hadi Muhimbili unapita Pugu, Gongo la Mboto na Barabara ya Nyerere yote, na alfajiri ya kliniki mtaamka saa tisa. Usimwambie "ni mbali", atasema watu wanaenda kazini kila siku kutoka huko, na ni kweli. Usimwambie "hatutaki kukusumbua", ndipo atanuna. Mpigie kabla hujakata tiketi, mwambie: "Shangazi, daktari ametaka mama awe karibu na hospitali mpaka avipate vipimo. Akiruhusiwa tunakuja kwako, Ijumaa mpaka Jumapili, tupike." Mpe na kazi: akutane nanyi hospitali siku ya kliniki, kwa sababu utahitaji mtu wa kukaa na mama wakati wewe uko kwenye foleni ya dirishani. Ukifanya hivyo shangazi anakuwa mwenyeji wenu tangu siku ya kwanza, na wewe umeokoa usiku mbili za gesti. Jumatano na Alhamisi, mama akiwa anapumzika, ingia Kariakoo. Usiyaweke manunuzi Jumapili, maduka mengi ya jumla hufunga. Na vitenge vizito usivipeleke Chanika na kuvirudisha. Mpe mwenye duka au wakala wa mizigo avitume Njombe, ubaki na risiti.

Usiku wa mwisho ndio wa Mbezi, kwa sababu mabasi ya Njombe huondoka alfajiri na kutoka Chanika mtahangaika. Angalia usiingie mtego wa jina. Mbezi ziko mbili kama Muhimbili. Stendi iko Mbezi Louis, Barabara ya Morogoro. Mbezi Beach iko upande wa bahari, Barabara ya Bagamoyo, na kutoka moja hadi nyingine unakatiza Goba kwa safari ndefu. Mtandaoni zote zinaandikwa "Mbezi", na ile ya Beach ndiyo yenye picha nzuri zaidi. Mwambie wa mapokezi akutajie kama yuko Mbezi Louis au Mbezi Beach, na kutoka kwake hadi geti la stendi ni kwa mguu au kwa bajaji.

Hapo Mbezi chumba cha 25,000 kinatosha, mnalala saa chache tu. Chagua kilicho upande uleule wa stendi. Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha imepanuliwa kuwa ya njia nane, na kuivuka saa kumi na moja alfajiri na mabegi na mama si kazi ya kuanzia safari. Mkishafika, nenda mwenyewe jioni hiyo ukaangalie basi lenu linapaki wapi ndani ya stendi, na mwombe mhudumu awaamshe saa kumi kamili.